Shati Lisilo na Mtu

Mke wa Fundi Jukwaa alikuwa amekalia benchi la kituo cha polisi tangu mlango ulipofunguliwa, shati jeupe limelala mapajani mwake kama mtoto mchanga. Alikuwa amelipiga pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate.

"Kalikataa," alimwambia Inspekta, hata salamu akaisahau. "Anasema muuaji haendi mahakamani na shati safi."

"Muuaji? Nani kamwita muuaji?"

"Si yeye mwenyewe! Tangu mmkamate ananiambia, mke wangu, ule ubao niliufunga kwa mikono yangu na ulifungika. Jana jioni ananiambia, mke wangu, nimeua mtu. Mmemwonyesha nini humo ndani, mama?"

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mnene kiasi cha kuheshimika. Askari wake walimwita Afande akiwapo na Shangazi akigeuka. Jana kutwa alikuwa nje ya kituo, akifuatilia kesi ya mlango ulioibwa, mlango mzima na fremu yake, mwenye nyumba amelala ndani.

"Subiri hapo hapo, mdogo wangu," alisema. "Na hilo shati usilikunje."

Ndani, Sajenti alikuwa anakunywa chai kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi ya wenzake. Mtu mkubwa, mikono kama miguu ya meza, na ulimi mtamu kupita kiasi.

"Afande, pole na mlango. Huku mambo yameisha. Fundi Jukwaa kakiri!"

"Kakirije? Umempiga?"

"Mimi? Hata kumkoholea sikumkoholea. Nilimwonyesha filamu tu. Akaitazama mara moja, akaniomba nimrudishie. Akaitazama tena. Halafu akalia, akasema, andika, ni mimi. Ubao wangu ndio uliomuua."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye jengo moja linalojengwa, Mkaguzi wa usalama alianguka kutoka ghorofa ya nne, akafa pale pale. Ndiye aliyekuwa na kazi ya kupita kila mahali akiangalia kama watu wanaweza kufa, na akafa yeye. Waliokuwa chini waliona mwili ukishuka, aliyeuona ukianza safari hakupatikana. Ubao wa jukwaa la kusimamia mafundi ulikutwa umening'inia, na aliyefunga mbao ni Fundi Jukwaa, kwa hiyo akakamatwa. Kamera ya ulinzi ilikuwa imeona yote, lakini kabla polisi hawajaifikia, mtambo wa kuhifadhi picha ukaungua. Hitilafu ya umeme, walisema. Kwa bahati nzuri, wakaendelea kusema, Injinia wa pale alikuwa ameshachukua nakala na kuipeleka kwa watengeneza katuni, wamtengenezee filamu ya kompyuta itakayoeleza ajali vizuri, maana picha ya kamera ilikuwa ya mbali na yenye giza. Nakala nayo, masikini, ikafutika kazini. Ikabaki filamu. Kesho hakimu angeitazama.

"Bahati nzuri nyingi kweli kwa mtu mmoja," alisema Inspekta.

Kabla Sajenti hajajibu, mlango uligongwa, akaingia bahati mwenyewe.

Injinia alikuwa mrefu, ikabidi ainame kidogo mlangoni. Shati lake lilikuwa la buluu, mkono wa kulia umekunjwa juu ya kiwiko, wa kushoto umefungwa kifungo mpaka kwenye kifundo. Asubuhi ile joto lilikuwa limeshaanza kupanda ukutani.

"Nimepita tu kuuliza kama filamu inacheza sawasawa," alisema. "Isije ikakwama mbele ya hakimu tukaaibika wote."

"Inacheza, Injinia. Karibu ukae. Huo mkono mmoja una baridi nini?"

Injinia alicheka, akaushika mkono wa kushoto. "Alama ya moto, mama. Ya utotoni. Watu wakiiona wanaacha kunisikiliza, wanaanza kunipa pole. Nimezoea hivi."

"Na siku ile wewe ulikuwa wapi? Nikumbushe, mimi ni mzee."

"Chini, kwenye mashine ya zege. Nilisikia kishindo tu. Marehemu alikuwa mtu wa kazi, jamani." Akatikisa kichwa. "Haya, kazi njema."

Alipotoka, Inspekta alivuta kiti mbele ya kompyuta. "Weka hiyo filamu, Sajenti. Nione kilichomliza mwanaume mzima."

Filamu ilikuwa safi kuliko kifo chochote alichowahi kukiona. Jengo limepakwa jua. Turubai la kijani limening'inia pembeni. Mkaguzi wa kompyuta, na kofia yake ngumu, kizibao chake cha njano chenye mistari ya kung'aa, amesimama juu ya ubao anatazama chini. Ubao unainama. Mkaguzi anayumba, mikono inatafuta pa kushika, anakwenda. Hakuna damu. Hakuna hata sauti.

"Rudisha."

Sajenti akarudisha.

"Rudisha tena, taratibu. Usitazame ubao. Tazama kifua."

"Kifua kina nini, afande?"

"Nyamaza utazame."

Kabla ubao haujainama, kizibao cha Mkaguzi kilijikusanya kifuani. Kilijikunja katikati kama ua, mistari ya kung'aa ikapinda, mgongoni kitambaa kikakaza. Halafu, kufumba na kufumbua, kifuani kikalala bapa kabisa, kimegandamia mbavu, na mgongoni kikatuna kama tanga. Ndipo ubao ulipoinama.

"Upepo," alisema Sajenti.

"Simama."

Sajenti akasimama. Inspekta akamshika shati kifuani, akalikusanya kwenye ngumi. "Mgongoni unasikiaje?"

"Linabana, afande."

Akafungua ngumi na kumsukuma kwa kiganja. Sajenti, na ukubwa wake wote, akaenda kugonga kabati la majalada, chai ikamwagika.

"Na sasa?"

"Limelegea mgongoni," alisema Sajenti, akijipangusa. "Afande, ungeniambia tu. Ningeamini."

"Nimekamata watu wangapi kwa kuwashika hapa? Najua shati linavyofanya likishikwa. Upepo hauna vidole, Sajenti. Chukua funguo za gari."

*

Watengeneza katuni walikuwa juu ya duka la vioo, ngazi nyembamba, mlango usio na kibao. Madirisha yalizibwa kwa karatasi nyeusi na feni zilivuma kama nyuki. Ukumbini ilibidi upite upande upande, maana pande zote kulipangwa maiti za kompyuta: skrini zilizopasuka, kibodi zisizo na meno, viti vya miguu mitatu, vikombe visivyo na mikono.

"Samahani kwa vurugu," alisema Bosi, akiwatangulia. Alikuwa mnene, mpole, jasho haliishi kwenye paji lake. "Hapa hatutupi kitu. Siku moja nilifuta filamu nzima ya mteja kwa kidole kimoja. Tangu siku hiyo, mimi na kufuta hatusalimiani."

"Hata mke wangu yuko hivyo," alisema Sajenti. "Ana mpaka mifuko ya mifuko."

Inspekta alieleza alichokiona. Bosi alisikiliza akitabasamu, tabasamu likaisha kabla Inspekta hajafika mwisho.

"Upepo, mama Inspekta. Ghorofa ya nne kule juu kuna upepo. Kompyuta inauhesabu."

"Na turubai? Liko pale pale pembeni mwa marehemu. Mbona halikupepea?"

"Turubai ni zito."

"Zito kuliko mtu? Maana upepo wako umemsukuma mtu."

Bosi akatoa kitambaa cha jasho. "Basi ni kosa la kompyuta. Nguo za kompyuta zina makosa mengi. Zinaingia mwilini, zinanasa kwapani..."

"Nani aliyemvalisha marehemu?"

"Kijana wa nguo. Lakini ana kazi ya haraka leo, tangazo la maziwa."

"Maziwa hayataganda. Sajenti, kaa na Bosi hapa ukumbini. Msaidie kuhesabu viti."

Mtu wa nguo alikuwa chumba cha mwisho. Wenzake walimwita Kitambaa, na jina lilimkaa. Mwembamba, amechakaa kidogo pembeni. Mbele yake kwenye skrini mbuzi mmoja wa kike alikuwa anacheza dansi na koti la vifungo vya dhahabu. Kila mbuzi alipogeuka, pindo la koti liligeuka kwa kuchelewa kidogo, kama koti la kweli.

"Wewe ndiye fundi cherehani?"

"Sindano sijawahi kushika, mama. Mama yangu mzazi ananicheka. Ananiambia, unawavalisha watu wasiokuwepo, suruali yako mwenyewe imetoboka."

"Nina macho, nimeiona. Nieleze kazi yako kama unamweleza huyo mama yako."

Kitambaa akamsimamisha mbuzi. Alieleza polepole, na kadiri alivyoeleza, woga ulimtoka kidogo. Nguo haichorwi, alisema. Unaikata kama fundi wa kweli, unaiambia kompyuta kitambaa ni cha aina gani, kizito au chepesi, halafu unamwachia mhusika atembee. Kompyuta inapiga hesabu: hapa bega limegusa, hapa goti limesukuma, hapa upepo umepita. Mkunjo wowote unaouona una kilichousababisha. Hesabu ikiisha, unaigandisha, inahifadhiwa peke yake, mbali na mwili. Baada ya hapo nguo haijui tena kinachoendelea. Mwili ukiuhamisha, nguo itaendelea na safari yake ya zamani.

"Hata ukiuondoa mwili?"

Kitambaa akamtazama mbuzi.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Hata ukiuondoa. Ndiyo maana mabadiliko yakitokea, lazima nguo zipigiwe hesabu upya. Ila ni kazi ndefu, kompyuta inalia usiku kucha. Watu wakiwa na haraka tunapiga pasi."

"Pasi gani tena?"

"Kwa mkono. Unachukua nguo iliyoganda, unapita nayo picha moja moja, unalainisha panapokera."

"Haya. Nifungulie filamu ya Mkaguzi. Kipigie kizibao hesabu upya. Mwili wake na ubao unaoinama, basi. Kisiguswe na kingine chochote."

"Itachukua muda."

"Nina chai ya Sajenti kwenye sketi yangu, sina pa kwenda mpaka ikauke."

Feni za kompyuta zilianza kuvuma. Ukumbini sauti ya Sajenti ilisikika ikimsimulia Bosi habari za mlango ulioibwa, na Bosi hakucheka mahali popote pa kucheka. Skrini ilipotulia, Kitambaa aliicheza. Mkaguzi alisimama, ubao ukainama, akaenda. Kizibao kilikuwa kimetulia kifuani tangu mwanzo mpaka miguu ilipokosa pa kukanyaga.

"Mkunjo umekwenda wapi?"

"Haupo."

"Ulisema kila mkunjo una kilichousababisha. Kwa hiyo kwenye ile filamu ya hakimu kilikuwapo kitu, na kimeondolewa. Nani?"

"Mama, mimi ni wa nguo tu." Sauti ya Kitambaa ilikuwa imeshuka mpaka karibu na sakafu. "Watu si kazi yangu."

Inspekta aliinama, akamtazama usoni kwa upole, na upole huo ndio askari wake waliouogopa kuliko makofi.

"Basi watu tuwaache. Tuongee nguo. Kwenye hiyo kazi ulishona nguo ngapi?"

"Kizibao. Shati la marehemu. Suruali yake. Turubai."

"Na?"

Kidole cha Kitambaa kilikuwa juu ya kipanya.

"Na shati."

"La nani?"

"Sasa hivi? Halina mtu."

"Nionyeshe."

Akabonyeza.

Juu ya jukwaa, kwenye jua lile safi, shati la buluu lilitokea likitembea peke yake. Hakukuwa na kichwa, hakukuwa na viganja, wala miguu chini yake. Ukosi ulizunguka hewa tupu. Lakini mabega yalijaa, na kifua kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyepanda ngazi kwa hasira. Lilimfikia Mkaguzi. Mikono yote miwili ikanyooka, na pale mikono ilipoishia, kizibao cha njano kikajikusanya kwenye ngumi isiyoonekana. Shati na kizibao vikatikisana. Halafu mikono ya shati ikakunjuka mara moja, kizibao kikalala bapa, na Mkaguzi akaenda. Shati likabaki limesimama ukingoni. Likainama kidogo, likatazama chini bila macho. Likageuka, likaondoka.

Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa juu ya kiwiko. Wa kushoto ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kifundo.

Inspekta alikuwa ameona maiti nyingi. Aligundua ameshika ukosi wake mwenyewe.

"Nilitakiwa kuvalisha kama ilivyo kwenye picha ya kamera," alisema Kitambaa. "Nikamkunjia mkono mmoja wa shati, kama alivyokuwa. Sikumjua ni nani."

"Ikawaje?"

"Filamu ilipoisha, Injinia akaja kuitazama. Akaitazama mara moja tu. Akatoka nje na Bosi. Bosi aliporudi akaufuta ule mwili yeye mwenyewe. Sijawahi kumwona akifuta kitu. Sisi wote tunafanya kazi nguo zikiwa zimezimwa, zinachosha kompyuta, kwa hiyo hakuona kilichobaki. Nilipowasha nguo zote nitoe filamu ya mwisho, nikaona shati linatembea. Nilipiga kelele, mama. Bosi akaja mbio, akaniambia, zima hilo, na kile kifua kilainishe."

"Ukazima."

"Nikazima. Kufuta sikuweza."

"Na kifua hukukilainisha."

"Nilikigusa juu juu. Nilikuwa nimechoka."

"Ulichoka, au ulitaka mtu akione?"

Mbuzi wa maziwa, kwenye skrini ya pembeni, alikuwa bado amenyanyua mguu mmoja.

"Kuna mtu anaozea selo kwa sababu ya kuchoka kwako," alisema Inspekta. "Ubao je? Nao aliubadilisha?"

"Aliweka mwingine unaoinama. Tazama upindo wa suruali ya marehemu." Alisogeza picha miguuni. Ubao ulikuwa umeinama tayari, lakini upindo wa suruali ulikuwa bado umelalia kitu kilichonyooka ambacho hakikuwepo. "Suruali inakumbuka ubao wa kwanza. Wa kwanza umezimwa tu."

"Uwashe. Halafu msimamishe huyo shati hapo ukingoni. Sajenti! Mlete mwenyeji wetu."

Bosi aliingia akiwa ameandaa maneno. Aliona skrini, maneno yakamwishia. Shati la buluu lilikuwa limeinama ukingoni, likitazama chini.

"Unamfahamu huyu?" aliuliza Inspekta.

"Hilo... hilo ni shati tu, mama."

"Najua ni shati. Nakuuliza analivaa nani."

Bosi alikaa bila kukaribishwa. Kiti kilikuwa cha miguu mitatu, kikayumba, hakuna aliyecheka.

"Ni mume wa dada yangu," alisema. "Dada yangu mdogo. Nimemlea mimi. Watoto wake wananiita mjomba."

"Ilikuwaje?"

"Shemeji alikuja na picha za kamera. Akaniambia, Mkaguzi aliteleza, mimi nilimshika nimwokoe, akaniponyoka. Ila picha ni za giza, watu wataona vibaya. Nitengenezee zionekane vizuri. Nikamwamini, mama! Nani asingemwamini? Kitambaa akapiga hesabu ya nguo." "Mtu akikuvuta akuokoe, nguo inakwenda mbele. Ile ilirudi nyuma."

"Na wewe ukaiona."

"Sote tuliiona. Shemeji naye aliiona. Ukumbini akaniambia, niondoe humo. Akaniambia Mkaguzi alitaka kulifunga jengo, nondo ni nyembamba, zingeua watu mia. Akaniambia, sasa hivi dada yako anakupikia, unataka apeleke chakula gerezani?"

"Akatafuta wa kuingia gerezani badala yake. Na kamera ikaungua."

"Hilo silijui."

"Picha alizokuletea ziko wapi?"

"Nilizifuta."

Inspekta aligeuka, akatazama ukumbini kupitia mlango uliokuwa wazi: skrini zilizokufa, vikombe visivyo na mikono. Akamrudia.

"Bosi, wewe hata kikombe kilichopasuka umekitunza. Ubao wa uongo umeuweka, ubao wa kweli umeuficha tu. Leo hii unaniambia umefuta kitu pekee ambacho kitamzuia mume wa dada yako siku akimshika dada yako hapa?" Akagusa kifua chake mwenyewe.

Machozi ya Bosi yalitoka kabla ya sauti. Alinyanyuka, akaenda ukumbini, akainua skrini iliyopasuka ya tatu kutoka chini. Nyuma yake palikuwa pamebandikwa flashi ndogo kwa utepe.

"Niliiweka kwa ajili yake," alisema. "Kwa ajili ya dada yangu tu. Nisamehe, mama."

"Msamaha una mwenyewe, yuko selo. Sajenti, piga simu kituoni. Injinia akamatwe kabla hajapanda ghorofa yoyote. Na waambie wamshike taratibu, shati lile nalihitaji halijachanika. Kitambaa, beba kompyuta yako. Unakuja na sisi."

*

Fundi Jukwaa alikuwa amekaa pembeni mwa selo, mgongo ukutani, viganja vyake vikubwa vimelala juu ya magoti kama zana zilizowekwa chini. Hakuinua macho. Sahani ya asubuhi ilikuwa mlangoni, haikuguswa.

"Nimeshasema, mama," alisema. "Niliandikisha na kidole nikaweka."

"Najua. Nataka utazame kitu."

"Nimeshatazama."

"Hukutazama hiki."

Kitambaa alipiga magoti sakafuni, akaifungua kompyuta mbele yake. Mke wa Fundi alikuwa amesimama nje ya nondo na shati lake mkononi. Inspekta alikuwa ameagiza aingizwe, na askari wa zamu hakuthubutu kuuliza.

Filamu ikacheza. Shati la buluu likatembea, likafika, likashika, likasukuma. Mke wa Fundi alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo. Fundi Jukwaa akasogea mbele.

"Rudisha," alisema.

Kitambaa akarudisha. Inspekta alimtazama mtu yule, si skrini, akaona kwamba macho yake hayakwenda kwenye shati hata kidogo. Yalikuwa chini, kwenye ubao.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Mkaguzi alikwenda. Buti zake ziliuacha ubao, na ubao ukabaki pale pale umenyooka, umefungwa pande zote mbili. Kilichokutwa kinaning'inia siku ile, mtu alikifungua baadaye, kwa mikono yake, mwenzake akiwa amelala chini.

"Haukutikisika," alisema Fundi Jukwaa.

"Haukutikisika," alisema Inspekta.

"Kila asubuhi Mkaguzi alikuwa anaupanda kwanza yeye. Anaruka ruka juu yake kama mtoto. Halafu ananiambia, Fundi, huu hata mama mkwe wangu anapita, na unamjua mama mkwe wangu." Kicheko kilianza kumtoka, kikageuka kitu kingine. "Nilijua niliufunga, mama. Mikono yangu ilijua. Halafu wakanionyesha, nikaona kwa macho yangu unainama. Nikasema, basi mikono imenidanganya. Usiku kucha nimeitazama hii mikono."

Sajenti, mlangoni, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kesho utakwenda mahakamani," alisema Inspekta. "Utayaeleza haya kwa hakimu, na mimi nitakuwa pembeni yako. Marehemu hatarudi. Lakini hukumuua."

Mkewe alipitisha shati kati ya nondo. Fundi Jukwaa alilitazama muda mrefu, kama mtu anayepewa kitu cha mtu mwingine. Kisha akanyanyuka. Aliingiza mkono wa kulia, akaingiza wa kushoto, na Inspekta akasimama pale akitazama mikono ya shati ikijaa, mmoja, halafu wa pili, mpaka viganja vikatokea. Vifungo vilimshinda. Mkewe akanyoosha mikono kupitia nondo, akaanza kumfungia, kutoka chini kwenda juu.

Alipofika kifuani alisimama, akakilaza kitambaa kwa kiganja, taratibu, ingawa hakikuwa na mkunjo.